Askari wa Pilato Wasio na Ngao

Kiwanda cha Nyakato kilipouzwa, baba yangu, fundi bati, alipunguzwa kazi. Akashinda nyumbani bila kunyoa ndevu, akikaripia kuku na watoto bila kubagua. Kanisa letu la Kirumba lilipomwomba atengeneze mavazi na silaha za askari wa Pilato kwa ajili ya igizo la Pasaka, nilifurahi kuliko yeye.

Nilikuwa kidato cha tatu. Nikaazima shuleni kitabu cha Kiingereza chenye picha za deraya, mavazi ya chuma ya vitani. Kiingereza hakukijua, lakini picha alizisoma kifundi.

"Tazama, mama," akaniambia mimi bintiye. "Huyu wa kwanza kavaa shati la pete ndogondogo za chuma. Rungu likimpata, mfupa unavunjika, ndiyo maana ngao yake kubwa kama mlango. Huyu wa mwisho kafunikwa chuma mwili mzima. Ngao ya nini tena? Mkono wa kushoto umepata nafasi, anashika upanga mrefu kwa mikono miwili."

Katika picha moja mtu alishika upanga wake mwenyewe katikati, penye makali. Baba akacheka. Chuma alichovaa adui hakikatiki, akasema, kwa hiyo anaielekeza ncha kwenye maungio, kwapani. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi.

Maelezo chini ya picha nilikuwa nimeyasoma. Yule wa mwisho aliishi zaidi ya miaka elfu moja baada ya Pilato. Nikanyamaza, mwoga mimi.

Alikata madebe majuma matatu. Zikatoka deraya nne, kila kiungo kinakunjika, na panga nne zilizonifika kidevuni.

"Fundi, ngao ziko wapi?" akauliza mwenyekiti wa kamati ya igizo tulipozifikisha kanisani.

Baba akaeleza kwa furaha, mbele ya kwaya nzima. Wakamwacha amalize, ndipo wakaangua kicheko.

"Hao ni Wazungu wa juzi, mzee! Warumi walibeba ngao."

Wakamrudishia vyote, wakaenda kukata maboksi watengeneze ngao zao.

Njiani, tukisukuma mkokoteni, aliniuliza, "Wewe unasoma. Ulijua?"

"Sikujua, Baba."

Akaniangalia. Katika mtaa mzima alikuwa akijigamba kwamba binti yake anaongoza darasa. Machozi yalinitoka kwa aibu.

"Basi usilie, mama. Kitabu chenyewe kigumu."

Mpaka siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za Kiingereza zilizotoka kiwandani kuhusu mafao yake. Barua iliyofuata aliipeleka kwa jirani amsomee.