Mistari ya Penseli ya Marehemu Amedeo

Nazzarena Cappelletti ameuza artichoki katika soko la Testaccio, hapa Roma, tangu aolewe, na mboga hiyo humtia vidoleni weusi ambao hata limau haliuondoi. Kwa weusi huo nusura ahukumiwe.

Uani kwetu kuna rafu ya riwaya za upelelezi, zile za Roma ya makaisari. Kila mpangaji huchukua na kurudisha. Tangu Nazzarena awe mjane, hapo ndipo anapopata watu wa kubishana nao kuhusu nani amemuua nani. Basi katika mkutano wa wapangaji, Gualtiero wa ghorofa ya tatu akadai rafu iondolewe.

"Kuna mtu anampigia mstari muuaji mara tu anapotajwa! Na pembeni pana alama za vidole vyeusi. Nani ana vidole vyeusi humu, jamani?"

Shingo zote zikamgeukia Nazzarena. Nilikasirika. Hawa ni watu wanaojiburudisha kila wiki kwa mikasa ya waliosingiziwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza neno! Nikamuuliza mimi.

"Mistari ni ya marehemu mume wangu, Amedeo," akasema. "Vitabu hivyo vilikuwa vyetu, kuvisoma peke yangu mezani sikuweza, ndipo nikavileta hapa. Kila mmoja wetu alitaja anayemshuku, na yeye wa kwake akampigia mstari. Aliyekosea alimenya artichoki za kuuza kesho yake. Hivyo vidole ni vyake."

"Hongera zake," Gualtiero akakejeli. "Bingwa wa kubahatisha katuharibia vitabu vyote."

"Bingwa? Amedeo?" Nazzarena akaangua kicheko. "Bwana wee, bingwa angepata wapi vidole vile? Katika kila kitabu alimshuku tabibu Mgiriki. Hakupatia hata siku moja! Kwani wewe ulimaliza kipi?"

Gualtiero hakuwa amemaliza hata kimoja. Kila alipokuta mstari, alifunga kitabu palepale na kwenda kulalamika.

Rafu haikuguswa. Juzi nilimkuta Gualtiero uani, riwaya mkononi, na humo mfanyabiashara wa mafuta kashauawa hamamuni, naye akipaza sauti kuelekea dirisha la Nazzarena:

"Bi Nazzarena! Huyu tabibu ana sumu mkobani! Safari hii mumeo kapatia, nakuapia!"

"Endelea kusoma, mwanangu," dirisha likajibu. "Kisu cha kumenyea nimeshakuwekea."