Saa Sita Watu Hulala

Mwalimu Morag hajui kunyamaza. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nimefundisha naye chumba kimoja miaka tisa hapa mjini kwetu Nam Định, yeye akifundisha Kiingereza, mimi nikiwatuliza watoto na kuwaeleza alichokusudia. Alitoka Scotland akiwa mjane, magoti yameanza kumsumbua, akasema atakaa mwaka mmoja tu ajionee. Mwaka ukaisha, kujionea hakukuisha.

Somo la kwanza tulilompa sisi lilikuwa usingizi. Kwetu mtu akishakula cha mchana hulala. Mwenye duka la misumari hulala juu ya kaunta, dereva wa pikipiki hulala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, wala haanguki. Shuleni tunafunga mapazia na kutandika mikeka, na ukipita madarasani utasikia feni tu. Morag alipofika aliuona huu kuwa uvivu wa taifa zima. Wiki ya kwanza alimgongea mwenye nyumba wake saa sita na nusu mchana, kumwuliza habari za bomba linalovuja. Mzee yule alifungua mlango, akamtazama, akaufunga. Bomba likavuja mwezi mzima.

"Thoa," aliniuliza, "kwani nimemkosea nini huyu baba?"

"Dada, ungemtukana angekusamehe mapema zaidi."

Hakuniamini. Ilibidi joto la Juni limwangushe mbele ya ubao ndipo akakubali kulala nasi. Aliamka akasema kumbe maisha yake yote alikuwa amechoka na hakujua. Tangu siku hiyo, ole wake mtu atakayeugusa usingizi wa mchana.

Basi mwaka jana tukaletewa mkurugenzi mpya, bwana Kiên, kijana wa suti aliyesoma ng'ambo. Hata wiki haijaisha akatangaza kikaoni kwamba usingizi wa mchana umefutwa kwa darasa letu la pili. Badala yake kutakuwa na kipindi cha ziada cha Kiingereza na mwalimu mgeni, na wazazi watakilipia. Walimu wote tuliinamia vikombe vyetu vya chai. Sokoni tuna midomo, lakini mbele ya mkubwa tunakuwa mabubu, na jambo hili linaniudhi kuliko ninavyoweza kusema.

Morag ndiye aliyesimama.

"Watoto wa miaka saba wasilale?"

"Mwalimu, nchi zilizoendelea hazilali mchana."

"Nimetoka huko, mwanangu. Hata usiku hatulali, tunameza vidonge."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi wenyeji tulikaa tu tukingoja kuponywa.

Baada ya kikao bwana Kiên alimfuata darasani, nami nikiwa pale nafuta ubao. Hakuficha kitu. Kibali cha Morag cha kuishi nchini kinapitia shuleni. Akikataa kipindi kile, mkataba umekufa, na mkataba ukifa atafungasha arudi kwao. Kwao wapi? Nyumba alishauza, mume alishazika. Watu wake wote ni sisi, na yule mzee wa bomba, ambaye siku hizi humletea mapapai.

"Utafanyaje, dada?" nilimwuliza mkurugenzi alipotoka.

"Si amenipangia kipindi? Nitafundisha."

Moyo ukanivunjika. Nikajua wamemweza.

Siku ya kipindi cha kwanza mkurugenzi aliwaalika wazazi waje kujionea. Wazazi walikuwa kazini, kwa hiyo walikuja mabibi, wakapangiwa viti nyuma ya darasa na pepeo zao mikononi. Watoto walikuwa wametoka kula wali na nyama ya nguruwe, vichwa vinawaanguka. Morag akaingia na mkeka kwapani. Akautandika mbele ya ubao, akavua viatu, akajilaza chali, mwili wote ule.

"Somo la leo," alisema kwa lugha yetu, ambayo huivunja bila huruma, "ni kulala. Nifuateni."

Watoto hawakusubiri waambiwe mara ya pili. Kufumba na kufumbua kila mmoja alikuwa chini.

"Dada Thoa," mkurugenzi alinigeukia, "waamshe hao."

Nina watoto wawili wa kusomesha, na kazi sina nyingine. Nikaenda dirishani nikafunga mapazia.

Bwana Kiên alikuwa amewiva kama pilipili. Lakini hapo ndipo alipokwama. Asome ng'ambo asisome, yeye ni mtoto wa Nam Định, na hakuna mtu wa Nam Định anayeweza kupaza sauti mbele ya mtoto aliyelala. Akachutama na suti yake, akaanza kumfukuza mwalimu kazi kwa mnong'ono.

"Mwalimu Morag, amka."

Morag akajigeuza ubavu.

"Mkataba wako umekwisha. Unanisikia?"

"Nimelala," Morag alinong'ona.

"Utarudi kwenu!"

Hilo la mwisho lilimponyoka kwa sauti. Mtoto mmoja akashtuka, akaanza kulia. Bibi yake, mama Nhàn muuza tofu ya soya, akainuka kitini.

"We kijana, nani amekulea? Mjukuu wangu ndiyo kwanza ameshikwa na usingizi. Toka nje ukagombane na ukuta!"

"Bibi, mimi ndiye mkurugenzi."

"Mkurugenzi hana bibi? Toka. Na hiyo hela yako ya ziada silipi. Nilipe ili mtoto ateswe?"

"Hatulipi," mabibi wengine wakaitikia kwa minong'ono, kiti hadi kiti, pepeo hazisimami.

Bwana Kiên akaondoka akinyatia kati ya mikeka, asimkanyage mtoto. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kesho usije," alimnong'onezea Morag.

Morag akafumbua jicho moja.

"Nitakuja. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa sauti."

Mkurugenzi akawatazama watoto. Akawatazama mabibi, akanitazama na mimi, nami sikuinamisha uso. Kisha akaufunga mlango taratibu, usije ukalia.

Kesho yake Morag alikuja kazini, na sauti hiyo hatujaisikia hadi leo.