Margareta wa Shemeji Tideke

Shemeji yangu Tideke Grube alikuwa mvivu kupindukia. Hapa Lübeck wachongaji wa picha za watakatifu hawakosekani, lakini yeye alikuwa na kibao kimoja tu cha maana cha kupigia picha chapa kwenye karatasi, cha Mtakatifu Barbara na mnara wake, nacho alikirithi kwa baba yangu. Barbara huombwa na wanaokaribia kufa, wasije wakakata roho bila padre. Wateja wa kifo walipopungua, Tideke aliung'oa ule mnara, akapachika kipande cha mti chenye joka, sura na taji akaziacha zile zile. Akapiga chapa, akauza: eti huyo ni Margareta, aliyetoka mzima tumboni mwa joka, ambaye picha yake huwekwa juu ya tumbo la mwanamke mwenye uchungu.

Nilimwambia hiyo ni aibu. Akanichekea, meno yote nje.

"Shemeji, mtu yumo kwenye uchungu, atamkagua mtakatifu saa ngapi?"

Wanawake wakajifungua salama, wakamsifu. Naye kichwa kikamvimba, akawa anakaa mbele kanisani, mtu asiyeijua Salamu Maria hadi mwisho.

Kisha uchungu ukamshika Taleke, binti yake, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimba ilikuwa imekaa vibaya. Wibeke mkunga alimwekea ile karatasi tumboni, Taleke akaing'ang'ania kwa mikono miwili, na nguvu zikamrudia, akaanza kusukuma. Wibeke akamwita Tideke aje mlangoni, maana kwetu mambo yakiwa mazito baba mzazi ndiye humwita mtakatifu kwa jina.

Tideke akaitazama karatasi. Midomo ikamcheza, jina lisitoke. Nikamkanyaga mguu.

"Sema Margareta," nikamnong'oneza. "Sema tu."

"Mbona kimya, baba?" Taleke akauliza.

Akaanza kulia, mpumbavu yule. "Si Margareta, mwanangu. Ni Barbara. Nilimbadilisha mwenyewe."

Taleke alijua Barbara huitwa na nani. Akaiachia karatasi, akageuzia uso ukutani, na Wibeke alipomwambia asukume hakusukuma tena.

Miaka yote Tideke aliwadanganya wake za watu mji mzima bila kupepesa jicho. Siku binti yake alipohitaji uongo mmoja tu, ndipo akaona haya, akasema kweli. Tulimzika Taleke Jumanne, mtoto akiwa bado tumboni.