Medali Yenye Nyuso Mbili

Juzi, katika makumbusho, niliona sarafu ya Warumi wa kale yenye pua mbili. Mlinzi alieleza kuwa ilisogea kabla ya pigo la pili la nyundo.

Nikasikia tena harufu ya makaa uani kwetu, Uvira. Baba alichonga uso wa Bikira Maria ndani ya chuma, akigonga juu yake medali za shaba za parokia. Mchana mmoja waasi walikuja kumchukua. Lori lao likanguruma barabarani. Aligonga medali moja haraka, akampa Mama.

“Weye vala hii. Minye nitagonga ingine nikirudi.”

Nyuso juu yake zilikuwa mbili. Nikiwa mtoto, nilidhani ni Baba na Mama, wamewekwa pamoja.

Leo najua mkono wa Baba ulitetemeka, shaba ikasogea. Ingine haikugongwa. Mama tulimzika na ile shingoni.