Salamu za Madam Fausta

Fausta Margwe hawezi kwenda kwa jirani kuomba chumvi bila kuuliza hali ya watoto, ya mahindi, na ya yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea. Chumvi yenyewe huikumbuka akiwa ameshaaga. Ndivyo alivyolelewa kwao Maretadu, na ndivyo alivyofundisha chuoni kwetu Mbulu. Alisalimia mstari kwa mstari, na akimwona mwanachuo mwenye mvi alimwamkia kwanza. Mimi Zita, niliyefundisha chumba cha pili, nilifika katikati ya somo langu yeye bado anauliza habari za nyumbani.

Manyara ilikuwa bado mkoa mchanga, makampuni ya simu yakigombania kila kilima cha kusimika mnara, chuo chetu cha binafsi nacho kikaamua kufundisha kwa mtandao. Wahadhiri tukakusanywa ukumbini tufundishwe kutengeneza kozi za masafa. Wengine tulikuja kwa ajili ya chai na maandazi. Fausta alikuja na nia. Alitaka kozi yake ya kufundisha sayansi iwafikie walimu wa shule za msingi wa Hanang, wasioweza kuacha familia na mifugo waje kukaa Mbulu. Sharti lilikuwa moja: wiki ya majaribio na wanafunzi wa kweli. Wakijadiliana, kozi inapita. Wakikaa kimya, inawekwa kando, na walimu wale wanabaki walivyo.

Mkufunzi wetu, Felician, kijana mpole kutoka Arusha, aliitazama video ya Fausta hadi mwisho.

"Madam, ni nzuri," akasema. "Ila robo tatu ni salamu."

Ukumbi mzima ulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Fausta akazikata, likabaki somo tupu.

Jumatatu kozi ikafunguliwa. Kwenye jukwaa la majadiliano Fausta akaweka swali: utawafundishaje watoto mmomonyoko wa udongo kama shule haina maabara? Felician alikuwa ametuambia tuulize kisha tukae pembeni, wanafunzi wajadiliane wenyewe. Fausta akakaa pembeni. Jumanne hakuna jibu, Jumatano hakuna. Kompyuta ilionyesha kwamba wote wameingia, wamesoma, wametoka. Fausta akaacha hata maandazi, nami nikaacha kumtania. Nilimwonea huruma kweli.

Alhamisi akampigia mmoja wao, Eva, mwalimu wa Basotu huko Hanang, akaweka sauti kubwa tusikie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Eva. Mbona kimya? Swali ni gumu?"

"Hapana, tunaliweza. Ila Mwalimu Gidahosh bado hajasema."

"Gidahosh ni nani?"

"Wa Hirbadaw. Huyu mzee ametufundisha karibu wote humu, mimi nilikuwa darasa la tatu. Sasa sisi tutamtanguliaje?"

"Na yeye mbona hasemi?"

"Samahani mwalimu. Hujamwamkia."

Fausta akaiweka simu mezani. Kwenye kompyuta Gidahosh lilikuwa jina tu, halina mvi wala fimbo. Darasani angemwona tangu mlangoni. Sasa alikuwa amemrushia mzee swali la udongo bila hata habari za asubuhi. Aliona aibu, akasema hivyo mbele yetu, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

Akaandika jukwaani, wote wasome: "Shikamoo Mwalimu Gidahosh. Mimi ni Fausta, binti wa Margwe wa Maretadu. Nyumbani hawajambo? Mvua imefika huko? Ng'ombe wana majani?"

Felician akasogea karibu. Tukaizunguka kompyuta. Jibu likaja chai yetu haijapoa.

"Marahaba binti yangu. Sisi wazima, mvua imenyesha juzi, majani yapo. Nilikuwa nakusubiri. Kuhusu udongo, sina maabara, nina korongo nyuma ya shule. Kila baada ya mvua napeleka watoto, tunachomeka vijiti ukingoni, tunaona limekula ardhi kiasi gani. Hao wenzangu watakuambia."

Wakamwambia. Eva akaeleza vumbi la mashamba ya ngano, mwingine akampinga, wa tatu akaleta picha ya korongo lile alilolipima utotoni, sasa limefika uwanja wa mpira. Kila mmoja alimwamkia mzee, kisha Fausta, ndipo akaingia kwenye udongo. Hadi jioni walikuwa bado wanabishana, na hakuna aliyewasukuma.

Ijumaa Felician akatangaza kwamba kozi imepita. Watu wakapiga makofi, mimi nikapiga na vigelegele, sioni aibu kusema. Kisha akamfuata Fausta alipokaa.

"Shikamoo Madam. Zile salamu za kwenye video, unaweza kuzirekodi upya?"

Fausta akaitikia, akamuuliza hali ya mama yake huko Arusha, akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua mkoba, akatoa flashi.

"Kurekodi upya kwa nini?" akasema. "Zote zimo humu."