Likizo Isiyo na Matanga

Katika makao ya wazee ninakofanya kazi, huko New Hope, Amerika, kuna picha ya vipande ambayo wazee huipanga mezani kila majira ya baridi. Ni picha ya mji wa Florence, Italia: mapaa mekundu, mto, na kuba kubwa la kanisa juu ya yote. Nikimaliza kugawa dawa huwasaidia kupanga mapaa. Kipande kimoja kilipotea kabla sijaajiriwa, na mahali pake, chini kidogo ya kuba, huonekana mbao za meza tu. Tundu lile lilinikera. Mwaka hadi mwaka nilijiambia nitaenda kuona kilichopo pale.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo hucheka. Sisi Wakenya tunaoishi Brooklyn Park, mji wa jirani, tuna safari moja tu, ya kwenda nyumbani, na mara nyingi ni ya kuzika. Likizo zangu zote ziliishia makaburini. Nilimzika baba, nikamzika mama, nikazika na watu ambao hata sura zao sikuzijua, ila nilijua sitasamehewa nisipofika. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka. Kwa hiyo nilipomwambia rafiki yangu wa kanisani, akinirudisha nyumbani kwa gari lake baada ya ibada, kwamba mwaka huu naenda Florence, alipunguza mwendo akaniangalia.

"Uko na mtu huko?"

"Sina mtu."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Kutembea."

Aliendesha polepole mpaka tukafika kwangu, midomo ikimchezacheza. Nafikiri alikuwa akiniombea.

Begi lilikuwa tayari mlangoni kaka yangu mkubwa alipopiga simu kutoka Kenya. Mjomba amefariki, mazishi ni Ijumaa. Mjomba alikuwa amekula chumvi nyingi, alikufa kitandani kwake, na tulikuwa tumeagana vizuri mara ya mwisho nilipoenda kumzika mtu mwingine. Nililia kwa sababu nilimpenda. Kisha nikapangusa uso nikamwambia kaka kwamba siji.

"Huji namna gani?"

"Nina safari ya Italia."

"Ya kazi?"

"Hapana, kaka. Ya kutembea."

Nilisikia akivuta pumzi. Kaka yangu si mtu mbaya. Kazi yake katika ukoo ni kufunika aibu zetu, na anaifanya kwa bidii.

"Basi sikiza," akasema. "Usi-post picha hata moja mpaka tuzike. Hapa tutasema umenyimwa off kazini."

Nikakata simu. Hasira ilinipanda, na hatia nayo ikaja nyuma yake, lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nikapanda ndege.

Siku ya Alhamisi asubuhi, huko Florence, niliingia katika jumba la makumbusho ya sayansi. Wana darubini mbili za kale ambazo mtaalamu mmoja wa nyota alizielekeza mbinguni, akagundua kwamba hata sayari nyingine zina miezi yake. Karibu nazo, ndani ya kioo, wamesimamisha kidole cha mtaalamu mwenyewe, kilichokatwa mabaki yake yalipohamishwa. Kwetu ukikutwa na kidole cha marehemu hutamaliza wiki. Hapa watu walikuwa wamepanga foleni kukitazama, nami nikapanga.

Kutoka hapo nilikwenda kuona michoro. Bikira Maria walikuwa wengi hadi nikachoka, lakini mmoja alikuwa amempakata mtoto kwa mkono mmoja kama mama ambaye mkono wa pili umekufa ganzi. Mbele ya huyo nilikaa sana. Hakuna mgonjwa aliyebonyeza kengele, hakuna aliyeniita. Nilikuwa na furaha, na sikuona haya kuwa nayo.

Jioni nilipanda kilima ng'ambo ya mto, mahali ambapo bila shaka picha yetu ilipigiwa. Nikahesabu mapaa kwa kidole kutoka kwenye kuba, kama tunavyofanya pale mezani, mpaka nikalifikia tundu langu. Palikuwa na paa kama mengine, na juu yake kijibaraza chenye shuka nyeupe iliyoanikwa. Basi. Nilicheka peke yangu.

Simu ikalia. Yalikuwa maombi ya mwisho kabla ya mazishi, na sisi wa ng'ambo huunganishwa kwa video. Nilisogea kwenye ukuta uliokuwa karibu, nikaupa mgongo ili mji usionekane nyuma yangu.

"Dada yetu wa Amerika amezuiwa kazini," kaka akawatangazia watu sebuleni, "lakini tuko naye kwa simu. Dada, sema neno."

Ningeweza kusema Mungu awatie nguvu, nikakata. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii kaka alikuwa ameshanitilia hata lami.

"Sikuzuiwa kazini," nikasema. "Niko Italia, mji unaitwa Florence. Nimekuja kutembea. Anti, pole sana. Nilimpenda mjomba, na sikuja."

Mtu alikohoa. Mwingine alimtaja Yesu kwa sauti ya chini. Simu ikapita mkono hadi mkono, kisha uso wa mke wa mjomba ukajaa kwenye kioo, macho mekundu, leso nyeusi kichwani. Nikajikaza kungoja maneno yake.

"Umeenda peke yako?"

"Ndiyo, anti."

"Na hakuna mtu amekufa huko?"

"Hakuna."

Akaisogeza simu karibu zaidi na uso.

"Mimi kila mahali nimewahi kwenda," akasema, "nilienda kwa sababu ya mgonjwa ama matanga. Geuza hiyo simu nione."

Nikaigeuza. Nikampitisha polepole juu ya mto, mapaa, na kuba lililokuwa likishika jua la mwisho.

"Hiyo shuka imeanikwa pale ni ya nani?"

"Sijui, anti. Ni ya mtu wa hapa tu."

Nilimsikia kaka akisema tuendelee na maombi, saa zimeenda.

"Ngojeni," mjane akasema. "Bado naangalia."