Mawe ya Redio Juani

Juzi mjukuu wangu alianika juani simu iliyolowa, nikaikumbuka alasiri moja nyumbani Kerenge. Kaka yangu Hamisi alikuwa kibaruani Mtwara, na hatukuwa na habari zake tangu aondoke. Tulisikia tu kwamba ametuma salamu zisomwe redioni siku ile. Mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa yamechoka, na duka la kijiji halikuwa na mapya, kwa hiyo baba aliyaanika juu ya bati.

"Baba Hamisi, unaanika mawe au dagaa?" mama alimtania.

Baba aliyarudisha redioni yakiwa bado ya moto, yananuka kutu. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Tuliinama mpaka vichwa vikagongana, ndipo tukasikia: Hamisi ni mzima, anawapa shikamoo wazazi wake wa Kerenge.

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu polepole.

Wakati ule niliamini mawe yakichoka, hata aliye upande wa pili hawezi kutusikia vizuri.

"Mama, sema kwa nguvu! Mawe yanaisha!"

Baba hakunicheka. Aliisogelea redio, akapaza sauti: "Hamisi! Mama yako amesema marahaba!"